Mwanangu, niache nifunge vifungo mwenyewe

Machame, jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniuliza, "Baba, niache kazi nirudi nyumbani nikuuguze, au nibaki Dar nitume hela? Nikusaidie nini hasa?" Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu sauti yangu siku hizi inashuka, nawe ukisikia imeshuka unaanza kulia, tunashindwa kuendelea.

Kazi usiache. Hilo tulimalize kwanza.

Unaikumbuka asubuhi ya Krismasi? Nilikuwa mbele ya kioo nahangaika na kifungo cha pili cha shati. Ukaingia, ukaona tunachelewa ibada, ukanifunga vyote haraka haraka, ukanipapasa bega, ukatoka. Ulifanya kwa upendo, nalijua hilo. Lakini nilibaki pale mikono inaning'inia, na kwenye kioo nikamwona mtoto wa darasa la kwanza. Mimi niliyewashika watoto wa watu mikono wajifunze kuandika, miaka 34. Siku ile hatukujua kama ni Parkinson, huu ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mkono na kukaza mwili. Sasa tunajua, na ombi langu kubwa kwako ni hili: nipe muda. Ibada ikiwa saa tatu, niamshe saa kumi na mbili, kisha niache na shati langu. Nikishindwa nitakuita.

Daktari wa Moshi hakunipima damu. Alinitazama nikitembea, akaniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada, kisha akanipa karatasi niandike sentensi. Ilianza kwa herufi za mwalimu ikaishia kwa herufi kama punje za ulezi. Akanieleza kwamba kwenye ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ndicho kinachoufanya mwili ujongee kwa wepesi, na chembe hizo zinakufa polepole. Mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakwisha. Ndipo nilipoelewa mambo ya nyuma. Mama yako alikuwa akikaanga kahawa nami nimekaa pale pale jikoni, sisikii harufu, nikasema ni mafua. Usiku nilirusha ngumi usingizini mpaka akahamia kitanda kingine. Hiyo ni miaka kabla ya mkono.

Wapo wanaosema ni uzee, wapo wanaosema nimerogwa. Usigombane nao. Watafiti walishapita nyumba kwa nyumba hapa hapa wilayani Hai wakiutafuta ugonjwa huu, na wengi waliokutwa nao walikuwa hawajawahi kuambiwa jina lake. Mimi nimeambiwa nikiwa bado natembea hadi shambani, nashukuru. Na yule Muhammad Ali tuliyemshangilia redioni mwaka 1974 akipigana Kinshasa, aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984, akaishi hadi 2016.

Sasa hela. Usinitumie hela ya dawa, nitumie dawa. Natumia vidonge vya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi na mbili jioni, nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama, maharage na maziwa vinaizuia isiingie vizuri. Mwezi uliopita duka tulilolizoea liliishiwa siku nne. Mwanangu, siku ya tatu mama yako alinigeuza kitandani kama gogo. Daktari alipojua alishtuka, akasema dawa hii haikatwi ghafla, kuikata kunaweza kumletea mtu homa na mwili kukakamaa hadi kufa. Kwa hiyo kazi yako ndiyo hiyo: nunua huko ya miezi mitatu, ipakie kwenye basi, na kabla ya boksi la mwisho kufunguliwa liwe jingine limeshafika. Angalia namba zote mbili za kwenye boksi, 25 na 100, ndizo vipimo vya dawa mbili zilizomo kwenye kidonge kimoja. Ikiwa tofauti, usinunue kabla ya kumuuliza daktari.

Jingine, uliandike kwenye simu yako na umtumie kaka yako. Nikilazwa kwa lolote, hata malaria, waambieni mapema kwamba nina Parkinson. Nikitapika nisipewe metoklopramidi, na nikiweweseka nisipewe haloperidoli. Zote mbili zinazidisha ugonjwa huu.

Shangazi yako ameniletea unga wa upupu. Usimcheke, mbegu za upupu zina levodopa kweli. Ila kwenye kijiko hujui umekunywa kiasi gani, na juu ya vidonge unaweza kuzidisha. Nimemshukuru, nimeuweka kabatini hadi nimwone daktari.

Mjukuu wangu aliuliza kwenye video, "Babu amenuna?" Mwambie babu hajanuna. Misuli ya uso imekaza, tabasamu liko ndani linachelewa kutoka. Nawe nikikawia kujibu usinimalizie sentensi. Nipigie saa moja na nusu asubuhi, dawa ikiwa imeshafanya kazi, utanisikia vizuri. Ukija, nikiganda mlangoni usinivute mkono, nitaanguka. Nihesabie tu, moja, mbili, moja, mbili. Kaka yako amebandika vipande vya mkanda mweupe sakafuni pale mlangoni. Nikiviona naviruka kimoja kimoja, miguu inafunguka. Sijui kwa nini kuruka mstari ni rahisi kuliko kutembea mahali patupu, lakini ndivyo ilivyo.

Hukuniuliza kuhusu mama yako. Anaamka mara mbili tatu usiku kunigeuza, mchana yuko shambani, na mtu akimuuliza habari anajibu habari zangu. Ndiye ninayemwogopea kuliko mkono huu. Mpigie yeye peke yake, usimuulize "Baba anaendeleaje," muulize amelala vipi. Mwezi wa sita mchukue akae kwako wiki mbili, kaka yako atalala hapa. Atakataa. Mkatie tiketi.

Barua hii nimeiandika kwenye daftari la mistari ya darasa la kwanza, kila herufi iguse juu na chini, daktari alisema linasaidia. Bado utaona katikati ya ukurasa wa pili maandishi yamekuwa madogo, hapo ilikuwa karibu saa kumi na mbili na dawa ilikuwa inakwisha. Nikaweka kalamu chini, nikanywa, nikasubiri. Haya ya mwisho nimeyaandika baadaye. Tazama "m" ya mwanangu ilivyosimama.

Baba yako