Muulize Fundi: Amplifaya ya besi ninayoikalia

SWALI: Shikamoo mzee. Napiga besi kwenye kwaya yetu hapa Urambo. Baada ya mauzo ya tumbaku kwaya imechanga pesa ya amplifaya ya besi, na tumekubaliana iwe ya transista. Vijana wanataka ile ndogo ya kisasa ya wati 500 inayobebeka kwa mkono mmoja. Mzee wa kanisa ameona huko Tabora Peavey TNT kuukuu yenye spika ya inchi 15, anataka tuichukue hiyo. Wewe mwenyewe unaipenda ipi, na kwa nini? — Mpiga besi, Urambo

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilipofika kwenye neno Peavey nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimeikalia. Kiti changu cha kazini hapa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, ni TNT 130: wati 130, spika moja ya inchi 15, boksi limechubuka pembe zote nne kwa kupandishwa na kushushwa kwenye malori. Wateja wakiuliza bei yake huwa najifanya sijasikia. Kwa hiyo jibu langu unalo tayari.

Lakini usiende kuwaambia vijana kwamba mzee kasema ndiyo yenye sauti nzuri kuliko zote duniani. Sijasema hivyo. Kwa sauti tupu, ya transista iliyowahi kunisimamisha ni Gallien-Krueger 800RB, kichwa cha Kimarekani (amplifaya tupu, spika unaiunga mwenyewe) kinachogawa kazi: wati 300 kwa sauti nzito, wati 100 pembeni kwa sauti za juu. Niliipigia usiku mmoja tu, ilikuja na bendi ya wageni, na nilipoirudisha nilijiona kama mtu aliyeshushwa kwenye treni kabla ya kituo chake. Ipo pia Acoustic 360 ya miaka ya 1960, ambayo mpiga besi Jaco Pastorius aliijengea jina. Na kama mngekuwa mnatafuta za valvu, zile taa za kioo zinazofanya kazi ya transista, ningekutajia Ampeg SVT ya 1969, wati 300. Sasa niambie, valvu ya SVT ikifa Jumamosi jioni Urambo, ibada ya kesho utaipigia nini?

Hapo ndipo penzi langu lilipo. Amplifaya ya besi naipima kwa siku ya kufa kwake, kwa sababu itakufa. TNT ukiifungua unaona kila kitu: transfoma kubwa kama tofali, kapasita mbili nene, transista za kutolea sauti zimefungwa kwa skrubu kwenye bati la kupozea joto. Kila kipande unaweza kukipima kwa mita, ukakichomoa kwa pasi ya kulehemu, ukaweka kingine. Na kama spika bado ni ile ya kiwandani iliyoandikwa Black Widow, hao watu wa Hartley Peavey kule Mississippi walifanya jambo ambalo mpaka leo nawavulia kofia. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika, ikiungua unafungua skrubu, unatoa fremu pamoja na karatasi yake, unaweka nyingine kwenye sumaku ileile. Spika nyingi ukizitenganisha hivyo ndiyo umeziua.

Ile ndogo ya vijana haina transfoma ya namna hiyo. Inakatakata umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndiyo maana haina joto wala uzito. Ni akili kubwa, sibishi. Lakini ndani yake vipande ni vidogo kama chuya za mchele, na ikileta shida mara nyingi unaambiwa ubadilishe bodi nzima. Bodi hiyo Soko Kuu la Tabora haipo. Halafu waulize: wati 500 hizo ni kwa boksi la spika la omu ngapi, yaani linazuia umeme kiasi gani? Kwa kawaida ni omu 4, na boksi lenyewe hamjalinunua. Wala wasidhani wati 500 ni kelele mara nne ya wati 130. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Kati ya 130 na 500 kuna tofauti, ndiyo, ila siyo ya kuuzia mbuzi.

Spika ndiyo muhimu kuliko namba. Uzi mnene wa besi ukiachiwa wazi unatoa mitetemo 41 kwa sekunde. Kuisukuma hewa polepole hivyo kunataka spika pana na boksi lenye nafasi. Kwenye spika ndogo utasikia noti, lakini hutaisikia kifuani.

Sasa mkija kuiona hiyo TNT, njoo mchana na gitaa lako, na usimruhusu muuzaji akupigie yeye. Kwanza zunguka nyuma usome kibao cha volti. Hili nalisema nikiwa na kovu. Zamani nililetewa amplifaya ya mitumba kutoka Japani, nzuri, haina hata mkwaruzo. Muuzaji akasema "washa tu mzee". Nikawasha. Japani umeme wao ni volti 100, wetu 230. Ilisema "pwaa", kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi, ikatoa harufu ya samaki aliyeungulia, na mama watoto akaja mbio na kopo la maji. Muuzaji hakurudisha hata nauli. Za Kimarekani nyingi ni volti 120, kwa hiyo hata hiyo TNT msiiamini sura. Ikiwa imeandikwa 120 inanunulika, ila hesabuni na transfoma ya kushushia umeme.

Volti zikiwa sawa, iwashe bila gitaa, fungua volyumu zote mpaka mwisho, usikilize. Mvumo kama wa nyuki wa mbali si kitu. Lakini ukisikia noti moja inayonguruma bila kukoma, chukua gitaa upige uzi mnene freti ya tatu. Hiyo ni G, mitetemo 49. Umeme wetu ni 50, kwa hiyo mngurumo wake unakaa palepale. Ukilingana na G hiyo, shida mara nyingi ni ethi (waya wa ardhini) au waya wa gitaa. Ukilingana na G ya juu yake, kapasita zile nene zimechoka. Zote mbili zinatengenezeka, lakini mpunguziwe bei.

Baada ya hapo zima, toa wavu wa mbele, weka vidole gumba viwili pande mbili za katikati ya spika, uisukume taratibu iingie. Ikiingia kimya kama godoro, sawa. Ukisikia kukwaruza kama kiatu kwenye mchanga, koili imekaa upande. Mwisho piga nusu saa kwa nguvu, halafu weka kiganja kwenye lile bati. Liwe la moto unaovumilika. Likikubabua, kuna transista inayoumwa.

Transista za kubadilishia msinunue ovyo, bandia zimejaa. Zina maandishi yaleyale ila ndani kuna kipande kidogo kama punje. Mimi naamini zaidi zile ninazozichomoa kwenye amplifaya zilizokufa kwa sababu nyingine.

Kama ni nzima, chukueni. Tafuteni tu vijana wawili wa kuibeba mpaka stesheni.

SWALI: Fundi, kijana wangu anajifunza besi. Nikimwekea kwenye sabufa ya sebuleni kuna ubaya? — Baba wa familia, Isevya

JIBU: Kwa sauti ya chini, ya kujifunzia, haitakufa. Ila usishangae gitaa likasikika kama limefunikwa blanketi. Sabufa imetengenezwa kupokea simu au deki, na gitaa linataka mlango mwingine kabisa. Mpitishie kwenye miksa ndogo kwanza. Kinachoua sabufa ni kijana kupata wageni. Muziki wa redio umeshabanwa studio usiruke, lakini uzi wa besi ukichapwa na kidole gumba unaruka ghafla, na spika inaruka nao.

SWALI: Bendi yetu ilikuwa na harusi. Amplifaya ya besi imeandikwa omu 4 kuwa ndiyo mwisho. Boksi zetu mbili ni za omu 8 kila moja, siku zote zinafanya kazi. Tukaazima la tatu la omu 8 ili sauti iongezeke. Nyimbo nne tu, moshi. Kwani boksi kuongezwa ni kosa? — Kiongozi wa bendi, Sikonge

JIBU: Pole ndugu yangu. Boksi zikiungwa sambamba omu zinapungua. Mbili za 8 ni 4, hapo mlikuwa mpakani kabisa. Ya tatu imewashusha mpaka kama 2.7, amplifaya ikaombwa umeme mwingi kuliko uwezo wa transista zake. Na kama mlikuwa kwenye jenereta linalopandisha na kushusha, ndiyo kabisa.

Ileteni, ila msiiwashe tena "kujaribu". Transista ikishapiga shoti inaweza kupeleka umeme wa DC, kama ule wa betri, kwenye koili ya spika ukaiunguza. Na najua mtaijaribia kwenye boksi gani: lile mliloazima.