Mteja aliyenuna: peptaidi za ubongo kwa mhudumu mpya wa kliniki ya methadoni

Ukianza kazi kliniki ya methadoni, dawa anayokunywa mteja badala ya heroini, iwe Muhimbili ambako huduma ilianza 2011 au kwingine, anayetetemeka kwa arosto, yaani dalili za kukosa dawa, si kazi ngumu. Kazi ni yule ambaye mwili umeshatulia lakini amenuna, halali, hafurahii chochote, na anagombana na foleni nzima. Usimwandike "mkorofi" kwenye faili lake.

Ubongo una afyuni yake wenyewe: peptaidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Enkefalini, zilizogunduliwa Aberdeen mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz, zina asidi amino 5 tu. Beta-endofini ina 31. Zikikamata vipokezi vya myu, milango ya seli inayopokea afyuni, hunyamazisha seli zinazozuia dopamini, kemikali ya raha, nayo hupanda. Enkefalini hutolewa kidogo kidogo, na vimeng'enya huzikatakata upesi. Heroini hukamata vipokezi hivyohivyo, ila kwa nguvu, kila siku, bila kiasi.

Ubongo haukai kimya. Huongeza dinofini, peptaidi inayokamata vipokezi vya kapa na kushusha dopamini, pamoja na CRF, peptaidi nyingine inayoamsha hofu na msongo. Mtu akiacha unga, raha imekatika lakini hizo mbili bado ziko juu. Mafua, kuharisha na maumivu ya mifupa huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hukolea siku ya 2 au 3, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Huzuni na hasira huweza kukaa miezi. Kwa hiyo kumfungia mtu siku 10 "asafike" kisha kumrudisha mtaani ni hatari kabisa: hamu ipo palepale, ila mwili umeshapoteza uzoefu wa dawa, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumkatisha pumzi.

Methadoni hukaa kwenye vipokezi vya myu kwa utulivu, bila kupanda na kuporomoka. Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30. Hapa ndipo wageni wengi huteleza: mteja analalamika "dawa hainitoshi", wanashinikiza iongezwe kila siku. Dawa hii hujikusanya mwilini siku 5 hivi, hivyo dozi ileile ya Jumatatu huwa nzito zaidi ifikapo Ijumaa. Muulize arosto humjia saa ngapi. Kama arosto ipo saa 3 au 4 baada ya kunywa, dozi ni ndogo kweli, mwite daktari. Kama inakuja alfajiri tu, mpe siku chache. Aliyekosa siku 3 mfululizo asipewe dozi yake ya zamani kabla daktari hajampima upya.

Uliza pia kuhusu TB. Rifampisini, dawa ya TB, huharakisha ini kuivunja methadoni, na mteja aliyekuwa ametulia hurudi na arosto ndani ya siku chache. Anasema kweli. Akimaliza rifampisini, dozi iliyoongezwa ishushwe taratibu kwa uangalizi, la sivyo itamzidi.

Akizidiwa na dozi, naloksoni, dawa inayoondoa afyuni kwenye vipokezi, humwamsha kwa dakika 30 hadi 90 tu, wakati methadoni hudumu zaidi ya siku. Asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu ameamka na anaongea. Apelekwe hospitali aangaliwe usiku kucha.