Kuhamia Nakuru na watoto: anza na maji

Dada, umeuliza uangalie nini kabla ya kuhamisha watoto wawili wadogo kutoka Nairobi kuja Nakuru. Kodi na matatu utazizoea upesi. Swali la kumbana nalo mwenye nyumba ni hili: maji ya ploti yanatoka wapi? Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hautoi. Hatari zaidi ni kabla ya miaka 8, meno ya ukubwani yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi.

Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani. Klorini nayo huua vijidudu tu. Ya kunywa na kupikia, kinga ya mvua (mwaga ya mwanzo, yameosha mabati) kisha uchemshe, au nunua chujio la mkaa wa mifupa. Mkaa huo huchoka bila ladha kubadilika, kwa hivyo uliza mapema unabadilishwa lini. Ya kufua, yoyote.

Halafu beba blanketi nzito. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na usiku wa Julai hauna mzaha.