Anti, maji yaliniishia saa nane mchana

SWALI: Shikamoo anti. Mi kijana wa Tanga ila nakaa San Diego, mwaka wa nne sasa. Wenzangu kazini wanapenda haiking, wakanivuta tutembee kipande cha Pacific Crest Trail, ile njia ya miguu inayoanzia Campo mpakani na Meksiko inaenda mpaka Kanada, kilomita kama 4,260. Sisi tulitaka siku mbili tu, Scissors Crossing hadi Warner Springs. Nikabeba lita tatu, nikaona nyingi kabisa, mtu nimekulia kwenye joto la Tanga bwana. Tumeondoka saa tatu asubuhi baada ya chai. Ilipofika saa nane nina mafunda mawili tu, kichwa kinagonga, kichefuchefu, nikajikunja ubavuni mwa jiwe kivuli chenyewe hakitoshi hata miguu. Wenzangu wakanigawia maji tukajikokota mpaka mahali njiani panaitwa Third Gate, yani geti la tatu, tukakuta magaloni ya maji yamewekwa. Mwezi wa tano wanarudi. Niende au niachane nao? Na nibebe lita ngapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza tuongee hilo joto la Tanga maana ndo lililokuponza. Tanga ukitembea shati linalowa, jasho unaliona linakutiririka, unajua mwenyewe sasa nitafute dafu. Kule jangwani hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, shati kavu, ngozi kavu, unajiona uko fresh kumbe maji yanakutoka vilevile. Ukitaka kuamini angalia shati lako jioni, lina mistari myeupe ya chumvi mgongoni hapo begi linapokaa.

Mi hicho kipande nimekipita. Pale Scissors Crossing, barabara ya 78 inapokutana na S2, kuna kijito San Felipe ila usikitegemee. Ukishaanza kupanda vile vilima ni kukata kona ubavuni mwa mlima masaa na masaa, mimea yenyewe ni cholla ya miiba na ocotillo, yani kama mtu kasimika rundo la fimbo, kivuli chake labda kimtoshe mjusi. Mpaka chemchemi ya Barrel Springs ni kilomita kama 38. Hayo magaloni ya geti la tatu, kama kilomita 22 toka mlipoanzia, watu wanayapeleka kwa kujitolea tu, na wasimamizi wa njia wenyewe wanasema kila siku msiyategemee. Ungekuta yako matupu ungemlaumu nani?

Sasa lita. Kwenye joto lile mi napiga lita moja kwa kila kilomita sita au saba, kwahiyo sita mpaka Barrel Springs, na moja ya jioni ya kupikia na kulala nayo. Jumla saba, ambazo ni kilo saba mgongoni, najua, ndo maana kabla hujaondoka unakunywa lita nzima palepale, hiyo hutaibeba begani.

Ila lita saba hazikusaidii kama utaondoka tena saa tatu baada ya chai! Hapo ndo mlipokosea wote, sio wewe peke yako. Amka usiku, saa kumi alfajiri uwe njiani na taa ya kichwani (angalia unapokanyaga, kuna nyoka wa kengele), ikifika saa nne tafuta kivuli chochote, tandika, lala mpaka saa kumi jioni. Wamarekani wanaotembea njia nzima ndo wanavyofanya jangwani, hamna ushujaa wa kutembea jua la utosi.

Na chumvi usisahau. Beba pakiti za ORS, zilezile za mtoto akiharisha, au hata karanga za chumvi. Ukinywa maji matupu mengi huku jasho linatoa chumvi, kichwa kinauma na kichefuchefu kinakuja, na mtu anadhani ni kiu anaongeza maji, anazidi kujiharibu. Mwenzenu akianza kuongea vitu havieleweki au anayumba, hapo sio kupumzika tena, mlazeni kivulini mmwagie maji mwilini, pepeeni, pigeni 911. Simu haishiki kila mahali kule, mmoja wenu awe na kifaa cha setilaiti.

Nenda mwanangu. Wewe ndo uwaamshe hiyo saa kumi. Na maji ya Barrel Springs uyachuje kwanza hata kama kiu imekushika shingo.

SWALI: Anti, haiking na mwavuli wa kujikinga jua si watanicheka? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Wakucheke wakiwa wapi, juani? Huko Marekani wanabeba ya rangi ya fedha, na mi chini yake najifunga khanga mbichi shingoni. Shida yake upepo tu, ukivuma kunja haraka, wa kwangu ulishageuka bakuli.