Muulize Mwalimu: Babu yangu alikuwa Hizbu, Komredi au ASP?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Bibi alipofariki tulikuta ndani ya kasha lake picha ya babu amesimama na vijana wenzake wanne. Nyuma imeandikwa kwa wino: "Makomredi, Oktoba 1963." Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Shangazi anashikilia kuwa babu alikuwa Hizbu wa kutupwa. Baba anasema alikuwa ASP, yaani Afro-Shirazi Party, na kadi ya babu anayo. Mimi nimesikia makomredi ni watu wa Umma Party. Nani mkweli? Na hicho chama kilitoka wapi, kikaishia wapi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Nyote watatu mnasema kweli. Katika miezi isiyozidi kumi, kijana wa Unguja aliweza kupita vyama vyote vitatu bila kubadili imani yake hata kidogo. Ami yangu alipita njia hiyo hiyo, ndiyo maana swali lako limenigusa.

Chama cha Hizbu, yaani ZNP (Zanzibar Nationalist Party), kilianza 1955. Ndani yake walikaa watu wasiofanana: wenye mashamba ya karafuu na wafanyabiashara upande mmoja, vijana na wafanyakazi upande wa pili. Hao wa pili aliwakusanya Abdulrahman Mohamed Babu, aliyerejea kutoka London 1957 akawa katibu mkuu wa chama. (Babu ni jina lake, usimchanganye na babu yako.) Alijua kupanga kazi: matawi, vijana, vyama vya wafanyakazi. Wapo vijana waliopelekwa hadi Cuba na China. Maadamu adui alikuwa Mwingereza, pande hizo mbili zilivumiliana. Uhuru ulipokaribia ndipo likaja swali la nani atatawala, na kwa faida ya nani.

Babu alifungwa 1962 kwa kosa la uchochezi. Alipotoka mwaka uliofuata alikuta uongozi chini ya Sheikh Ali Muhsin umeshajipanga bila ya watu wake. Ugomvi uliolipuka ulikuwa juu ya wagombea wa uchaguzi wa Julai 1963. Watu wengi husimulia mambo haya kana kwamba ni wakubwa wawili waliogombea kiti, nami sikubaliani nao. Kugombana kuhusu majina ya wagombea kulikuwa kugombana kuhusu chama ni cha nani. Babu akajitoa, akaanzisha Umma, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililokuwa upande wa Hizbu, FPTU, likamfuata.

Nilikuwa na miaka kumi. Ami alikuwa mchukuzi bandarini, na sebuleni kwetu kulitundikwa picha ya jogoo, alama ya Hizbu. Jioni moja alirudi kazini, akapanda kiti, akaishusha. Hakuichana. Aliikunja mara mbili akaitia mtotoni mwa kabati. Ukutani pakabaki mraba wa chokaa nyeupe kuliko ukuta wote, na bibi yangu, Hizbu mpaka kufa kwake, akawa kila akipita pale anageuza uso. Hawakusemezana mpaka Ramadhani. Chakula cha ami bibi alikipakua, akakifunika kawa, akamtuma mtoto ampelekee. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Umma haimo katika matokeo ya uchaguzi ule. ASP walipata kura zaidi ya nusu, asilimia 54, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu 12 na mshirika wao ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 6 wakaunda serikali chini ya Muhammad Shamte. Umma wakasimama upande wa upinzani pamoja na ASP, na picha yenu ni ya wakati huo. Uhuru ukaja 10 Desemba 1963. Mwanzoni mwa Januari serikali ikakipiga marufuku chama cha Umma, Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12, yakatokea mapinduzi. Makomredi waliokuwa mjini, wengine wenye mafunzo ya kijeshi, wakajiunga nayo.

Machi 1964 Umma ikavunjwa, wanachama wakaingia ASP. Hapo ndipo ilipotokea kadi aliyonayo baba yako.

Kuvunjwa huko kuliwagawa makomredi wenyewe, na hili halisemwi vya kutosha. Ami aliamini kwamba ukitaka kuongoza jahazi lazima uwemo ndani yake. Rafiki yake wa bandarini alimjibu, nami nikisikia: "Utakuwemo, lakini usukani utakuwa na nani?" Nampa haki yule rafiki. Baada ya Muungano wa Aprili, Babu akapewa uwaziri katika serikali ya Muungano, bara, mbali na Unguja. Komredi mwenzake, Salim Ahmed Salim, akapelekwa ubalozi Misri akiwa na miaka 22. Ali Sultan Issa alibaki Zanzibar akawa waziri. Vyeo walipata, lakini kukaa pamoja kama kundi hawakupata tena.

Mzee Karume alipouawa 7 Aprili 1972, lawama ziliwaangukia makomredi. Babu aliwekwa kizuizini bara hadi 1978. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwani Mwalimu Nyerere hakumkabidhi. Alifariki London 1996. Ami naye alichukuliwa usiku mmoja wa mwaka ule wa 1972, akarudi baada ya miaka miwili, na siasa hakuitaja tena.

Mwanangu, hiyo picha msiilaze kwenye kasha, unyevu wa pwani huila. Ipigeni nakala, kisha muulizeni shangazi awatajie wale vijana wanne kabla hajawasahau. Kama mmoja alikuwa mchukuzi bandarini, mrefu, mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto, tafadhali niandikie tena.