Kuhusu hiyo ibada ya pili

Mwanangu,

Nimesikiliza sauti yako mara mbili, ya kwanza nilikuwa nasonga ugali sikushika kitu. Unauliza kama mfungue ibada ya pili saa tano ama mchange mkodi tenti kubwa, maana hapo Utawala watu sasa wanasimama mpaka kwa geti. Bwana asifiwe. Nimekaa nikujibu nikajikuta nafikiria kiti.

Unakumbuka vile viti vya bluu? Tulipotoka kwa ile nasari tukahamia mabati Kayole, tukafanya harambee tukanunua 300, na baba yako akanipa mimi daftari ya viti kwa sababu ati kijiko kikipotea kwangu hakuna mtu analala. Ni kweli. Kila Jumapili vijana wanapanga kumi kumi, mimi nahesabu. Siku moja vikawa 299. Nikatangaza. Jumapili tatu mfululizo nilisimama pale mbele nikasema mwenye kiti cha Bwana arudishe, watu wanacheka, mimi sicheki.

Baadaye mtoto mmoja akaniambia ameona kiti cha bluu kwa ploti fulani nyuma ya steji. Nikajifunga leso nikaenda mwenyewe, na vile nilikuwa moto! Kufungua mlango ni yule mzee fundi wa viatu, yule alikuwa anakaa karibu na spika kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri. Amekalia kiti, mguu umefura umefungwa kitambaa, hajatoka nje karibu mwezi. Kumbe ile Jumatano ya maombi alishindwa kutembea, kijana wa mlangoni akambebea kiti awe anapumzika njiani, halafu kesho yake huyo kijana akasafiri ushago. Mzee akaniangalia akasema, "Karibu mama mchungaji, nimesikia umekitafuta." Halafu akaanza kuinuka anipe.

Mwezi mzima kiti nilijua hakipo. Yeye sikujua.

Baba yako nilimwambia tu kiti kimepatikana. Hayo mengine ndio nakwambia wewe leo.

Ndio maana nasema kila siku, na najua mkinisikia mnaangaliana, watu wanahesabiwa kwa jina. Soma tena Matendo 6. Wajane hawakuanza kusahaulika kwa chakula wakati kanisa ni dogo, ni wakati wanafunzi wanaongezeka, mpaka wakachaguliwa wale saba. Na Yethro alimwambia Musa aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Sasa niambie, kwenu nani anataka kuwa wa kumi? Wote wanataka maikrofoni.

Lakini hata mimi nisijifanye. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikaanza kuandika majina kwa kurasa za nyuma za hiyo daftari, nikafika 74 nikakwama, na viti tulikuwa tunajaza vyote. Na ibada nyingi si ati ni mbaya, ile Julai 2020 makanisa yalipofunguliwa tukaambiwa watu 100 na saa moja basi, tuligawana ibada nne, na sisi wa zaidi ya 58 tukakatazwa kabisa, nilikaa hapa kwa kochi kama mzigo. Hapo watu walikuwa wanaandikwa mlangoni jina na simu, na nakwambia wale vijana wa mlangoni walijua washirika kuliko baba yako na wazee wake wote. Halafu tena wa asubuhi wakawa hawajuani na wa mchana, hata kwa matanga wakaketi mbalimbali kama makanisa mawili. Kwa hivyo sijui. Tenti nayo inakusanya wote pamoja lakini wa nyuma hata sura yao huoni.

Sitakuambia mfungue ama msifungue, hiyo ni yako na wazee wako, nilimuahidi mke wako sitaingilia. Ila yule mama wa mboga uliniambia hukaa karibu na mlango na watoto wawili, anaitwa nani?

Na saa tano ni mbaya. Mpaka mmalize matangazo ni saa nane, watoto wamelala na njaa.

Mama yako