Maswali ya Wasomaji: Nyumba yangu inalaza wageni wa kulipa, je, bima niliyonayo inatosha?

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mjane na mwalimu mstaafu, ninaishi Bwiru katika nyumba niliyoijenga pamoja na marehemu mume wangu. Tangu mwaka jana nimekuwa nikilaza wageni katika vyumba viwili vya chini. Wananipata kupitia Airbnb, programu ya mtandaoni ya kukodisha vyumba kwa wageni. Wengi ni watu wa semina, wachache ni watalii wanaokwenda Serengeti, na asubuhi ninawaandalia chai, chapati na samaki. Nyumba ina bima ya moto niliyokatiwa benki nilipochukua mkopo. Mwezi uliopita mgeni alisahau pasi juu ya kitanda. Godoro likaungua na pazia likashika moto kabla kijana wangu hajawahi na ndoo ya maji. Hasara ilikuwa ndogo na sikudai chochote, lakini jirani ananiambia kwamba hata ningedai nisingelipwa. Je, ni kweli? Na ile kinga inayotolewa na programu yenyewe hainitoshi? (Mama wa Bwiru, Ilemela)

JIBU: Shikamoo Mama, na pole kwa moto huo. Jirani yako hajakosea sana. Bima ya nyumba ya makazi hutozwa ada ya makazi kwa sababu kampuni imehesabu kwamba ndani yake wanalala watu wa familia moja, wanaojua swichi ipi ina hitilafu na mtungi wa gesi unafungwaje. Pale anapoingia mtu mpya kila baada ya siku mbili, na jiko likawashwa alfajiri kwa ajili ya watu wasio wa nyumbani, hatari imebadilika, na mkataba wa bima humtaka mwenye nyumba alitaje badiliko hilo bila kungoja aulizwe. Usipolitaja, kampuni inaweza kukataa dai lako lote, hata kama moto wenyewe ulianzia chumbani kwako na si kwa mgeni.

Katika miaka niliyokagua hasara hapa Mwanza niliona jambo hili zaidi ya mara moja, na kuna fomu moja ambayo sijaisahau. Kwenye ukurasa wa pili palikuwa na mstari ulioandikwa “Matumizi ya jengo”, na alama ya vema ya wino wa bluu ilikuwa imewekwa kwenye kisanduku cha “Makazi”. Mwenye nyumba, mzee aliyekuwa akilaza wageni vyumba vitatu, hakuwa mwongo. Fomu alijaziwa na wakala, naye akatia sahihi chini bila kusoma. Vema ile moja ilitosha kumkosesha fidia ya dari, nyaya na vitanda vyote. Kwa hiyo ninakuomba sana, Mama, usimwachie mtu mwingine kalamu siku ya kujaza fomu yako.

Wiki hii andika barua kwa kampuni ya bima, na nakala yake uipeleke benki, ukieleza kwamba unalaza wageni wa kulipa, vyumba ni vingapi, tangu lini, na kwamba unapika chai ya asubuhi. Usiufiche moto wa mwezi uliopita hata kama hukudai. Kampuni itaongeza ada, au itakupa masharti kama vile kuweka kizimamoto na king'amuzi cha moshi, au itakataa, na ikikataa utatafuta nyingine ukiwa bado na nyumba iliyosimama. Ikikubali, usiridhike na neno la simu; dai nyongeza ya maandishi itakayoambatanishwa na hati yako. Kumbuka pia kwamba kinga mpya haianzi mpaka ada yake iwe imelipwa.

Kuhusu bima ya benki, itazame kwa macho mawili. Mara nyingi bima ya namna hiyo huwekwa kwanza kwa ajili ya kulinda mkopo, na benki ndiyo inayotajwa kama mlipwaji wa kwanza. Kiasi kilichoandikwa kinaweza kuwa sawa na deni tu, wala si gharama ya kuijenga nyumba upya. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Tuseme kuijenga nyumba yako upya leo kunahitaji shilingi milioni 150, lakini hati inasema milioni 75. Jiko likiungua na hasara ikawa milioni 20, kampuni itasema uliikatia bima nusu ya nyumba, basi italipa nusu ya hasara, yaani milioni 10, tena baada ya kupunguza kile kiasi ambacho mkataba unakutaka ukibebe mwenyewe. Unapokadiria, hesabu mawe, saruji, mbao, mabati na mafundi kwa bei ya leo, na uache thamani ya kiwanja, kwa maana kiwanja hakiungui. Nimewaona wenye nyumba wa Capri Point wakilipa ada kubwa kila mwaka kwa ajili ya ardhi.

Sasa wizi. Vifungu vingi vya wizi hulipa pale tu panapokuwa na dalili ya kuvunja: kitasa kilichong'olewa, nondo zilizokatwa. Mgeni uliyempa ufunguo mwenyewe akiondoka na runinga, hajavunja kitu, na mikataba ya kawaida humtaja waziwazi mtu aliyeingia kwa ruhusa kuwa nje ya kinga. Uliza kama kampuni inaweza kukuongezea kifungu cha wizi unaofanywa na wageni. Kwa vyovyote, weka daftari la wageni lenye namba za vitambulisho na orodha ya vitu vya kila chumba yenye picha na risiti, na wizi ukitokea uchukue RB (namba ya taarifa yako) polisi siku hiyohiyo.

Kifungu ambacho binafsi nakithamini kuliko vyote ni cha dhima kwa watu wengine, yaani kulipia madhara wanayoyapata kwako, maana moto huchukua kile ulichonacho, lakini mgeni aliyeteleza kwenye ngazi za mawe akavunjika nyonga anaweza kukudai hata ambacho huna. Nyumba zetu za vilimani zina ngazi nyingi, na Mwanza ikinyesha, jiwe huwa kama limepakwa sabuni. Dhima hiyo iguse pia chakula unachowapa na mali ya wageni iliyo chini ya uangalizi wako. Kama unawapeleka kisiwa cha Saanane kwa mtumbwi wako mwenyewe, liseme hilo waziwazi, kwa sababu shughuli za majini kwa kawaida huhitaji bima yake peke yake. Binti anayekusaidia kufua na kutandika haingii katika dhima hiyo. Ukiwa mwajiri wake, unapaswa kumchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Na Airbnb? Wana mpango uitwao AirCover, unaotaja ulinzi wa uharibifu hadi dola milioni 3 za Marekani na bima ya dhima hadi dola milioni 1. Ni msaada wa kweli kwa godoro lililoungua, lakini ule ulinzi wa uharibifu wenyewe si bima. Ni ahadi ya kampuni yenye masharti yake. Maombi hupaswa kuwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya mgeni kuondoka, fedha taslimu hazimo, uchakavu wa kawaida haumo, wala majanga ya asili hayamo. Tena haumgusi mgeni aliyekupigia simu moja kwa moja kwa sababu alilala kwako mwaka jana, na ninaamini wageni wa aina hiyo unao.

SWALI: Nina vyumba vinne vya wageni Luchelele, karibu kabisa na maji. Wakala ameniambia bima yangu “inakinga mafuriko”. Ziwa likipanda tena, nitalipwa? (Msomaji, Nyamagana)

JIBU: Ndugu yangu, usilale usingizi juu ya neno hilo moja. Bima hukinga tukio la ghafla lisilotarajiwa. Mvua kubwa ikimwaga maji ya mlimani yakaingia vyumbani usiku mmoja, hilo ni tukio. Ziwa likipanda kidogo kidogo kwa miezi mpaka likafika kwenye baraza, kampuni nyingi zitasema ni badiliko la taratibu, na hasara ya taratibu kwa kawaida hailipwi. Hata mshangao hutaweza kuudai: Mei 2020 kina cha Ziwa Viktoria kilivuka rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 kikapanda juu zaidi. Mwombe wakala akuandikie tafsiri ya “mafuriko” kama ilivyo katika hati, na kama inataja kupanda kwa ziwa.

Lipo na jambo gumu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo wa ziwa, ndani ya mita 60 kutoka ukingo huo. Kama vyumba vyako vimo ndani ya mita hizo, kampuni inaweza kuuliza uhalali wa jengo siku ya dai, si siku ya kupokea ada yako. Pima umbali huo kwa futi kamba kabla ya kulipa tena, na uieleze kampuni ukweli. Ukiwa hapo, uliza pia kuhusu tetemeko la ardhi. Lile la Kagera la 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba, na kinga yake mara nyingi hutolewa kama nyongeza ya kulipiwa peke yake.

SWALI: Nitajuaje kwamba hati niliyopewa ni halali, na dai likikwama niende wapi? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Hakiki hati yako katika mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) siku ileile unapoipokea, na ukilipa, lipa kwa kampuni ili upate stakabadhi yake, usiweke fedha kwenye simu ya wakala. Dai likikwama, anza kwa kulalamika kwa maandishi kwa kampuni yenyewe na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au usiporidhika, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama wewe. Nenda na hati, stakabadhi ya ada, RB na barua zote ulizoandikiana na kampuni, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.